Maji Yasiyo na Mwisho

Kisumu ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa na karakana moja ambapo ungeweza kutengenezewa pampu ya maji Jumapili lakini si Jumamosi. Mwenyewe alikuwa Myahudi, na mimi nilikuwa karani wake wa kupiga taipu. Wateja wetu wengi walikuwa Masingasinga wenye mashamba ya miwa. Walilalamika mpaka wakachoka, kisha wakajifunza kuharibikiwa na pampu siku nyingine. Watu wa kanisani kwetu Seme waliniuliza kama ni kweli nafanya kazi kwa mtu wa Biblia. Niliwajibu kwamba nafanya kazi kwa mtu wa pampu.

Alikuwa mzee tayari, au mimi nilimwona mzee. Alitoka Ulaya akiwa kijana, kabla ya vita kuu ya pili, na baada ya vita hakukuwa na mtu wa kwao wa kumrudia. Hilo alilisema mara moja tu, kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja vipuri vilivyokwisha, nami sikuuliza zaidi. Kiswahili chake kilikuwa cha masetla, kile cha kuamrishia watu, ingawa yeye alikisema kwa upole. Tulipokwama tulihamia Kiingereza.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na rafu ya vitabu vikubwa vyenye majalada ya kahawia. Kwa muda mrefu nilidhani ni vitabu vya injini, kwa sababu kila ukurasa ulikaa kama mchoro wa mashine: maneno machache katikati, na maelezo madogo madogo yameyazunguka pande zote. Kilichonitia shaka ni kwamba alinawa grisi kwa sabuni kabla ya kuvishika. Siku moja wakati wa chakula cha mchana nikamwuliza ni vitabu gani hivyo vinavyonawiwa.

Akasema ni Talmudi. Torati niliijua mimi pia, kutoka Agano la Kale, naye alikubali kwamba naijua, ila akasema kuwa na Torati bila Talmudi ni kama kununua pampu bila mtu wa kukuonyesha inafunguliwa wapi. Torati inasema ukichimba shimo na ng'ombe wa jirani akatumbukia, utalipa. Talmudi inauliza: na kama shimo ulilichimba wewe, mwenzako akalifunika vibaya, na ng'ombe mwenyewe alikuwa akifukuzwa na mbwa wa mtu wa tatu? Walimu wao wa kale walibishana juu ya mambo kama hayo kwa karne nyingi, na mabishano yakaandikwa yote, pamoja na maneno ya walioshindwa. Waliokuja baadaye wakaandika pembeni, wakieleza na kupinga, na sheria ambayo Myahudi anaifuata leo jikoni, dukani na kitandani imetokana na mabishano hayo. Mimi lilinivutia lile la walioshindwa. Kwetu anayeshindwa barazani hurudi nyumbani na maneno yake mwenyewe.

Shida yake ilikuwa kwamba kitabu hicho hakisomwi na mtu mmoja. Husomwa na wawili, kwa sauti, mmoja akisema hivi na mwingine akimkatalia. Kisumu hakukuwa na wa pili. Alikwenda Nairobi kwa sikukuu zao kubwa, akasali na wenzake, akarudi na sura ya mtu aliyekula akashiba, na baada ya wiki chache ameshaanza kuzungumza na ukuta. Mwishowe akanichukua mimi: Mluo, Mwanglikana, na tena mwanamke, mambo matatu ambayo kwao yasingenipa kiti katika darasa lolote. Alinitafsiria kisa, nami nikakipinga. Nilipenda sana kazi ile. Nyumbani msichana akibishana huambiwa ana mdomo. Pale, nisipobishana, Mzee alinitazama kama mtu niliyemharibia chakula chake.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kumweleza habari za dada yangu, bila kukusudia kuomba msaada wowote.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Asembo. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, na mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya pembezoni alipanda mashua kwenda ng'ambo, upande wa Homa, pamoja na wengine. Upepo ukawakuta karibu na ncha ya Uyoma na mashua ikapinduka. Miili ya wenzake ilipatikana mmoja mmoja kwenye matete. Wake haukupatikana. Watu walitafuta mpaka hawakuwa na sehemu nyingine ya kutafuta.

Kwetu jambo hilo lina njia yake. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, watu wa nyumbani huchukua yago, lile tunda refu zito la mti wa mwegea, wakalifunga kama maiti, wakalilia, wakalizika katika kaburi lake. Baada ya hapo mke ni mjane, ananyolewa nywele, na ndugu mmoja wa marehemu anaweza kusimama mahali pa mume. Lakini mama wa marehemu, au wa asiye marehemu, maana hilo ndilo lililokuwa neno lenyewe, alikataa. Alisema mwanawe aliogelea tangu hajajua kutembea vizuri, kwamba ametokea Tanganyika, ameoa huko, na siku moja atarudi na aibu yake. Hakuna atakayemzikia mwanawe tunda. Kaka mkubwa wa boma aliamini mdogo wake amekufa, ila mama akiwa hai na akisema hapana, yeye angeanzia wapi?

Kwa hiyo dada alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo, na hilo lilionekana wazi kwenye paa lake. Nyumba ya mke huezekwa na mumewe. Mjane huezekewa na yule aliyesimama mahali pa mume. Dada hakuwa na wa kwanza na hakuruhusiwa wa pili, na mwanamume yeyote ambaye angepanda kule juu na nyasi mkononi angekuwa amemletea chira, ule mkosi wa kukonda unaoanza na mvunja mwiko na kuishia kwa watoto wake. Nyasi zilioza. Nguzo ya katikati ilianza kuinama. Wakati wa masika yeye na watoto walilala wamebanana upande wa jiko, mahali pekee pakavu, na mdogo wao alikohoa mwaka mzima. Binamu mmoja wa mume, fundi mzuri wa kuezeka na mtu mtaratibu, alikuwa akipita mbele ya nyumba ile mara nyingi kuliko njia yake ilivyohitaji. Boma zima lilijua na hakuna aliyesema.

Nilimsimulia Mzee hayo yote kama nilivyosimulia visa vingine, nikitafuna muhogo. Aliacha kula. Akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hii ziwa yenu iko na mwisho?"

Nikamwambia kila ziwa lina mwisho, ndiyo maana linaitwa ziwa. Alikataa kwa kichwa, akaenda kunawa, akashusha kitabu kimoja. Kwao, alisema, mwanamke wa namna hii anaitwa mwanamke aliyefungwa, kama mtu aliyefungwa kwa mnyororo, na walimu wa Talmudi walimshughulikia kuliko karibu mtu yeyote mwingine. Mume akianguka katika maji yenye mwisho, mke yuko huru, aolewe akitaka. Akianguka katika maji yasiyo na mwisho, mke hawezi kuolewa mpaka apatikane wa kushuhudia kifo. Maji yenye mwisho ni yale ambayo ukisimama mahali pamoja unaona ukingo wake pande zote nne. Kama mtu angetoka hai, ungemwona akitoka. Kama huoni ukingo, huenda wimbi limemtupa nchi ambayo wewe huioni. Nilimwambia ni hesabu ya watu wasiojua kuogelea. Tukabishana mpaka saa ya kufungua.

Jumapili iliyofuata alifunga karakana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akanipakia katika gari lake la mizigo tukaenda Asembo. Alitaka kuona. Nilimweleza njiani kwamba sheria ya Wayahudi haimhusu dada yangu hata kidogo, naye akakubali kabisa, akaendelea kuendesha. Kaka mkubwa wa boma, aliyewahi kuwa mpakuzi wa mizigo bandarini na kwa hiyo alisikia Kiswahili vizuri, alitupeleka ufuoni upande wa Uyoma, mahali mashua ilipoonekana mara ya mwisho. Wanawake waliokuwa wakianika omena waliacha kazi. Baadaye nilisikia kwamba walidhani mzungu anatafuta kiwanja cha hoteli.

Alipanda juu ya jiwe, kofia mkononi, akageuka polepole. Nyuma yetu ilikuwa nchi kavu. Mashariki ukingo ulionekana ukikimbia kuelekea Kisumu. Kusini Mlima Homa ulisimama wazi. Magharibi, kati ya ncha ya Uyoma na Rusinga, kulikuwa na nafasi ambamo maji yaliendelea mpaka yakagusana na mbingu. Aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu, na niliona amehuzunika kweli.

"Hapana mwisho," akasema, kwa sauti. "Huyu mama bado bibi ya mtu."

Alisema kama mwanafunzi anayesoma jibu la hesabu ambalo hakulipenda. Lakini kaka mkubwa alisikia maneno, hakusikia mwanafunzi, na alikuwa mwana mwaminifu. Kabla hatujamaliza chai mama yake alikuwa ameshaambiwa. Yule mama alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari kumshika Mzee mkono kwa mikono miwili. Tangu siku ile, kila mtu alipotaja yago, alijibiwa kwamba hata watu wa Ibrahimu, ambao Mungu alisema nao kabla ya mtu mwingine yeyote, wamelipima ziwa na kuona kwamba mwanawe yuko hai. Dada yangu hakunisemesha kwa miezi. Alikuwa na haki, ingawa mimi nilikuwa nimemwonya Mzee, na nilikasirika kulipia mdomo wa mtu mwingine.

Nilimwambia Mzee alichofanya. Nilimwambia bila adabu, nimesimama, naye ameketi. Hakujitetea. Alisema yeye si rabi. Kwao mtu asiye rabi hatoi hukumu, na hata rabi mwenyewe, katika jambo la mwanamke aliyefungwa, hufunga mdomo mpaka atafute wenzake wawili wa kutafuta naye njia ya kumfungua. Talmudi imejaa milango iliyokatwa ukutani kwa ajili ya mwanamke huyo, na yeye amekwenda kusimama juu ya jiwe na kufunga mmoja mbele ya watu. Alisema anaona haya. Niliketi.

Kisha akanieleza ile milango. Katika kesi ya kawaida sheria yao inataka mashahidi wawili, wanaume, waliochunguzwa mmoja mmoja. Kwa mwanamke huyu shahidi mmoja anatosha. Anaweza kuwa mwanamke, anaweza kuwa mtumwa, anaweza kuwa amesikia tu kwa mwingine. Hata neno la mtu asiye Myahudi linakubaliwa, kwa sharti moja: awe amelisema akiwa katika mazungumzo yake, bila kuulizwa na bila kujua kwamba linahitajika. Ukimwuliza, umeliharibu. Anayeulizwa hujibu anachotaka wewe usikie, au anachotaka yeye kiwe. Anayesema tu, amesema anachokijua.

Hapo ndipo aliponisimulia habari za mama yake. Mume wa kwanza wa mama huyo alisafirisha magogo mtoni katika nchi yao ya baridi, akazama barafu ilipokuwa ikiyeyuka, na hakuonekana. Mama alikaa amefungwa miaka, rabi wa mji akitafuta na asipate. Hata siku moja ya soko mkulima mmoja, Mkristo, mwuza mabata, akawa anawalalamikia wenzake kuhusu jembe lake. Alisema lilivunjika katika ardhi ya barafu alipokuwa akimzika mtu wa magogo aliyetupwa na mto shambani kwake, mtu asiye na kidole cha shahada. Mume yule hakuwa na kidole cha shahada. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mkulima kitu. Rabi na wenzake wakaketi, wakasoma, wakamfungua mama, naye akaolewa tena.

"Mimi nazaliwa sababu hiyo mtu alikuwa na mdomo mingi," akasema. Kisha akanionya, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya masetla kwelikweli: "Wewe hapana uliza mtu hata moja. Kaa, sikia."

Sikuona maana yake. Sisi hatukuwa Wayahudi na hakuna rabi aliyekuwa akingoja ushahidi wangu. Lakini sikuwa na njia nyingine. Jumamosi nilikuwa huru, shukrani kwa Musa, na dada aliponiruhusu tena nilianza kwenda Asembo kila nilipopata gari. Nilinunua samaki ufuoni na kusikiliza. Nilisikia habari za wizi wa nyavu, za bei, za mke wa mwalimu. Juu ya mashua ile sikusikia neno. Maji ya ziwa yalipungua, masika yakaja na kwenda, na nguzo ya nyumba ya dada ikaegemezwa gogo kwa nje, maana gogo si paa na hakuna mwiko unaolitaja.

Masika yaliyofuata mke wa mdogo wa mwisho wa boma lile alijifungua mtoto wa kiume. Nilikwenda Jumamosi kumwona mtoto. Mvua ilikuwa imetukusanya sote katika nyumba ya yule mama mkwe, ambayo haikuvuja: mzazi, kaka mkubwa na mkewe, jirani wawili watatu, dada yangu karibu na mlango akimenya ndizi. Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi. Alikataa titi, alikataa mgongo, alikataa maji ya moto. Bibi yake akamchukua.

Mtoto anayelia hivyo kwetu anatafuta jina. Kuna mtu miongoni mwa wafu anayetaka kurudi nyumbani kupitia kwake, na kazi ya bibi ni kuwaita wafu mmoja baada ya mwingine mpaka mtoto anyamaze kwa jina lake. Walio hai hawaitwi. Yule mama alianza na mkwe wake, aliyemkuta akiwa bibi harusi. Mtoto akalia. Akamwita mumewe, kisha shemeji zake, kisha shangazi aliyekufa kwa ndui. Alikuwa akimtikisa, akitembea kati ya jiko na ukuta, macho yamefumbwa nusu, na majina yalimtoka kwa wimbo ule ule, bila haraka. Sisi tuliendelea na mazungumzo yetu. Mke wa kaka mkubwa alikuwa akinieleza jambo kuhusu sukari.

Kisha likaja jina la mwanawe.

Lilikuja kwa zamu yake, kwa sauti ile ile, baada ya shangazi na kabla ya mwingine ambaye hakuitwa tena. Mtoto alinyamaza. Pengine alikuwa amechoka, mimi sijui mambo ya watoto. Mke wa kaka mkubwa aliacha sukari katikati. Nilipomsimulia Mzee kesho yake, alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kuna mtu yeyote aliyemwuliza, na nilipomwambia hakuna, alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi.

Yule mama alisimama pale pale. Alifumbua macho, akamtazama mtoto, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshika kitu bila kujua kina uzito gani. Nilifikiri atakana. Angeweza kusema ulimi umeteleza, na hakuna ambaye angembishia. Badala yake alimrudisha mtoto kwa mamaye, akamlaza vizuri kifuani, akapangusa mikono kwenye kanga. Alimwambia mwanawe mkubwa kwamba mti wa mwegea ulio karibu na kisima una matunda. Kisha akamgeukia dada yangu, ambaye tangu aolewe aliitwa binti wa nchi alikotoka.

"Nyar Seme," akasema, "nenda ukanyolewe."

Dada alikuwa ameitaka siku hiyo kwa miaka. Alikuwa ameniambia mimi, kavu kavu, kwamba mume wake amekufa na kila mwenye akili anajua, na kwamba anachotaka ni paa. Alikuwa ameshachagua hata nyasi. Aliweka kisu chini kando ya ndizi, akainuka, akafika mlangoni. Alianguka nje kwenye mvua akapiga ukemi, akimwita mumewe kwa jina, akimwuliza amemwachia nani, na watu wakatoka kwenye nyumba zote za jirani wakikimbia, kwa sababu kilio kile ni cha habari iliyofika sasa hivi. Mama mkwe wake alitoka akaketi kando yake matopeni, akaanza kulia naye.